Mwacheni Mtoto Akatize Hadithi

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na miezi kadhaa tuliposoma kwa mara ya kwanza kitabu cha chura anayetaka kuvuka mto. Ni kitabu chembamba, kurasa zake hazifiki ishirini, na kila ukurasa una mistari miwili au mitatu. Nilikadiria dakika nne. Nilikuwa nimechoka, kuna kazi ilikuwa inanisubiri mezani, na nilitaka chura avuke upesi nizime taa.

Ukurasa wa tatu chura ananyata ukingoni akitafuta jiwe la kukanyaga. Binti yangu akaweka kidole chini kabisa kwenye kona ya picha, mahali ambapo mimi sikuwa nimepatupia jicho. "Huyu nani?" Alikuwa konokono mdogo, rangi yake imefanana na majani. "Konokono," nikasema, nikafunua ukurasa wa nne. Akaurudisha. "Mbona amebaki?" Nikamwambia asubiri tumalize kwanza. Hakusubiri. Akauliza tena kwenye ukurasa wa tano, maana konokono alikuwa palepale, na wa sita pia. Maandishi hayakumtaja hata mara moja. Mchoraji alimweka tu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kumwambia mtu.

Nikafanya wanachofanya wazazi wengi: nikapandisha sauti kidogo, nikaongeza kasi, nikafika mwisho. Chura akavuka. Mtoto akanyamaza. Nikajihesabia kwamba tumesoma.

Kampeni nyingi za kuhimiza wazazi wawasomee watoto zingenipa alama ya vema kwa usiku ule. Kitabu kimesomwa, jalada hadi jalada. Mwalimu wa chekechea moja aliwahi kutugawia wazazi fomu yenye nafasi tatu: jina la kitabu, dakika, sahihi ya mzazi. Niliijaza kwa uongo mara mbili, Jumapili usiku, vitabu vitano kwa mkupuo, na sidhani kama nilikuwa peke yangu. Lakini hata wiki ambazo nilisema kweli, fomu ile haikuwa na mahali pa kuandika konokono. Na kwa maoni yangu, kilichokuwa na thamani kuliko vyote usiku ule ni kidole kwenye kona ya picha na lile swali la "mbona amebaki". Ndicho nilichokizima.

Kabla ya kulitetea hilo, kuna ahadi moja inabidi tuiondoe njiani. Wazazi wengi wanaambiwa, au wanajiambia, kwamba mtoto anayesomewa kwa sauti atajua kusoma mapema, kana kwamba herufi zitamwingia kwa kuchungulia begani. Mwaka 2005 Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin, watafiti wa Kanada, walitumia kifaa kinachofuata mwendo wa macho ili kujua watoto ambao hawajaanza shule wanaangalia nini wanaposomewa. Waliangalia picha. Maandishi waliyatazama mara chache mno, na kubadilisha mwonekano wa maandishi au wa picha hakukuleta tofauti. Kwa hiyo anayetaka mtoto ajue herufi amfundishe herufi, waziwazi, kwa wakati wake. Kusomewa hadithi hakutaifanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Na takwimu za jumla hazitoi picha ya miujiza. Mwaka 1994 Hollis Scarborough na Wanda Dobrich walipitia tafiti za miongo mitatu hivi, wakaona kuwa kusomewa nyumbani kunaeleza takriban asilimia 8 ya tofauti zilizopo kati ya watoto katika lugha na kusoma. Mwaka uliofuata kundi lililoongozwa na Adriana Bus wa Chuo Kikuu cha Leiden lilifanya hesabu yake, likapata asilimia 8 vilevile. Wa kwanza waliiona ni ndogo, wakaonya watu wasiipigie debe kupita kiasi. Wa pili waliiona ni kubwa na wakaishangilia. Namba moja, nyuso mbili. Mimi nikiitazama naona wastani, na ndani ya wastani huo wamechanganywa watu wa kila namna, akiwemo baba aliyemharakisha chura ili arudi mezani.

Kwa nini basi tuhangaike? Kwa sababu kusoma kuna nusu ya pili ambayo watu huisahau. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walitoa hesabu fupi ambayo walimu wa kusoma wanaitumia hadi leo: uwezo wa kusoma hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili, uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walichagua kuzidisha badala ya kujumlisha, na hapo ndipo penye utamu wake. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kile kingine kiwe kikubwa kiasi gani.

Kwenye Kiswahili nusu hiyo ya pili hujificha vizuri sana. Herufi zetu zinasomwa karibu kama zilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma chochote utakachomwekea mbele, hata taarifa ya mahakama, tena bila kukwama. Mpe sentensi hii: "Mvuvi aliambaa na ukingo hadi mkondo ulipotulia." Ataisoma kwa sauti nzuri, kituo mahali pake, na wewe utapiga makofi. Muulize sasa mvuvi alifanya nini. Ukimya. Kuambaa hakujui, ukingo anaubahatisha, mkondo hajawahi kuusikia. Mtoto wa aina hii anaweza kupita madarasa matatu au manne akihesabiwa kuwa msomaji mzuri, mpaka siku vitabu vitakapoacha kumtaka atamke na kuanza kumtaka aelewe. Hapo watu wazima wataanza kuulizana amepatwa na nini.

Maneno hayo angeyapata wapi? Jisikilize siku moja unavyozungumza na mtoto wa miaka mitatu: njoo, vaa, acha, nawa, kaa vizuri, nimekwambia nini. Hakuna ubaya wowote, ndiyo lugha ya kuendesha siku. Ila nyumbani hakuna mto wa kuvuka, kwa hiyo hakuna ukingo, hakuna anayeduwaa, hakuna anayenyata. Jessica Montag na wenzake wawili, katika utafiti uliotoka mwaka 2015, walichukua maandishi ya vitabu 100 vya picha wakayalinganisha na mazungumzo ya kawaida ya wazazi na watoto wadogo. Kwa idadi ileile ya maneno, vitabu vilikuwa na maneno tofauti mengi zaidi. Kitabu cha kitoto, kile ambacho mtu mzima anakidharau kwa kuwa kina sentensi thelathini tu, kinambeba mtoto hadi mahali ambapo maongezi ya nyumbani hayafiki.

Kuanzia hapo watu hukimbilia namba. Mwaka 2019 Jessica Logan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walikadiria kwamba mtoto anayesomewa vitabu vitano kila siku tangu azaliwe hadi afikishe miaka mitano atakuwa amesikia maneno zaidi ya milioni 1.4 kumzidi mtoto asiyesomewa. Anayesomewa kimoja kwa siku atamzidi kwa takriban maneno 290,000. Zilienea sana namba hizi, na naelewa sababu. Lakini zilitokana na kuhesabu maneno ndani ya vitabu na kuyazidisha kwa siku. Hakuna aliyekwenda kukaa majumbani akisikiliza. Zinatuambia maneno mangapi yalitoka mdomoni mwa mzazi. Yaliyotua kwa mtoto ni hesabu nyingine.

Jaribio ninalolirudia kila mara likizuka bishano hili ni la zamani. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, katika jimbo la New York, walichukua familia zenye watoto wa kati ya miezi 21 na 35, wakazigawa makundi mawili. Wote walikuwa wazazi wanaosoma, na kwa mwezi mzima makundi yote mawili yaliwasomea watoto kwa kiasi kinacholingana. Kanda zilirekodiwa kuthibitisha. Kundi moja liliachwa lisome lilivyozoea. Wazazi wa kundi la pili walielekezwa kusimama njiani: waulize maswali ambayo jibu lake si ndiyo wala hapana, mtoto akisema neno moja walichukue na kulirefusha, wamfuate anapotaka kwenda. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi la pili walikuwa mbele kwa miezi kadhaa katika vipimo vya lugha. Walipopimwa tena baada ya miezi tisa bado walikuwa mbele, ingawa pengo lilikuwa limepungua.

Vitabu kwa idadi sawa, usomaji kwa kiasi sawa. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa akizungumza.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 2018, Rachel Romeo na wenzake walirekodi sauti majumbani mwa watoto 36 wa miaka minne hadi sita, kisha wakapiga picha za ubongo watoto hao wakisikiliza hadithi. Kilichoendana na jinsi eneo la lugha la ubongo lilivyofanya kazi ni idadi ya zamu za mazungumzo: mtu mzima kasema, mtoto kajibu, mtu mzima karudisha. Wingi wa maneno ambayo mtoto alimwagiwa haukuwa na uzito huo, wala kipato cha familia hakikuuondoa uhusiano ule. Ni utafiti mdogo na wala haukuhusu vitabu moja kwa moja. Lakini unaelekeza kidole kwenye kona ileile ya picha.

Sasa nijipinge mwenyewe, maana upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 2008 Suzanne Mol na wenzake wa Uholanzi walijumlisha majaribio ya usomaji huu wa kuzungumza. Faida ilionekana zaidi kwa watoto wa miaka miwili na mitatu; kwa wakubwa kidogo ilipungua, na ilipungua pia kwa familia zilizo katika hali ngumu, zile ambazo kampeni nyingi huzilenga. Mwaka 2019 Claire Noble na wenzake wa Uingereza walikuwa wakali zaidi. Walipojumlisha majaribio ya kusomeana vitabu walipata faida ndogo, na pale ambapo kundi la kulinganishia nalo lilipewa shughuli nyingine ya kufanya badala ya kuachwa hivihivi, faida ilikaribia sifuri.

Nimeyasoma matokeo hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sehemu ya jibu ni kwamba mafunzo mengi yalikuwa ya muda mfupi mno. Wiki chache haziwezi kubadilisha namna familia inavyoongea. Lakini nadhani kuna sababu nyingine, na hapa natoa maoni yangu, si matokeo ya maabara. Mbinu ikishaandikwa kwenye karatasi huwa orodha ya maswali, na orodha ya maswali mkononi mwa mzazi mwenye wasiwasi hugeuka mtihani. "Hii rangi gani? Hawa wangapi? Huyu anaitwaje?" Unaweza kuuliza maswali kumi kwenye ukurasa mmoja na usimsikilize mtoto hata mara moja. Yeye anamtazama konokono, wewe unamhoji kuhusu rangi ya chura. Mitihani ipo mingi tu mbele yake, haina haja ya kumfuata hadi kitandani.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua kati ya mzazi aliyefundishwa kuuliza na mzazi aliyeridhia kukatizwa, nachukua wa pili bila kusita. Swali la mtoto lina sifa ambayo swali langu halina: limetoka mahali ambapo akili yake tayari ipo. Neno jipya likiletwa hapo linapata pa kushika. Niliposema "konokono" siku ile nikafunua ukurasa, nilimpa jina, basi. Ningekaa nusu dakika tungepata kubaki nyuma, kujikokota, gamba, kuogopa maji, na sijui nini kingine.

Bahati nzuri, watoto wanatoa nafasi ya pili. Wanatoa hata ya arobaini. Kitabu cha chura kiliombwa kesho yake, na kesho kutwa, na wiki nzima iliyofuata, hadi nikawa nakificha chini ya mto wa kitanda. Nilidhani ni ukaidi. Kumbe watoto wanajua wanachokifanya. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya ya kubuni. Baadhi walisomewa hadithi zilezile kwa kurudiarudia, wengine hadithi tofauti, na kila neno jipya lilisikika mara sawa kwa wote. Waliorudiwa hadithi zilezile ndio walioyashika maneno vizuri zaidi. Inaeleweka. Mara ya kwanza mtoto anahangaika kujua nini kinatokea. Akishajua chura atavuka, akili yake inapata nafasi ya kushughulikia mengine.

Kwetu ilikuwa kwenye usomaji wa sita au wa saba. Nilifika "chura aka..." nikapiga mwayo, na kabla sijaufunga mdomo, sauti ndogo ikamalizia, "...nyata." Siku chache baadaye nilikuwa napita chumbani gizani, nakanyaga kwa ncha za vidole nisimwamshe mdogo wake. Kutoka chini ya shuka nikasikia mnong'ono: "Baba, unanyata." Hakuna mtu aliyemfafanulia neno lile. Alikuwa amelibeba kutoka mtoni hadi kwenye korido yetu, akalivalisha miguu yangu.

Vitabu vya kwenye skrini sitavizungumzia kwa kirefu. Mwaka 2019 Tiffany Munzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliangalia wazazi 37 na watoto wao wa miaka miwili hivi. Walipotumia kitabu cha kielektroniki walizungumza kidogo kuliko walipotumia cha karatasi, na maneno juu ya kifaa chenyewe yaliongezeka: usibonyeze hapo, kishike vizuri. Kama kitabu kinajisomea, kinacheka na kulia chenyewe, mzazi anabaki kuwa mshika kifaa. Konokono naye akiguswa anapiga honi, na swali linakufa.

Kuna wazazi na walezi ambao kampeni huwaacha mlangoni: wasiojua kusoma, au wanaosoma kwa shida na kuona haya mbele ya watoto. Kama kazi ni kutamka kila neno lililochapishwa, hawa hawana nafasi. Kama kazi ni kumfuata mtoto ndani ya picha, wana nafasi sawa na profesa. Bibi anayefunua kurasa na kujitungia hadithi yake, akabadilisha jina la chura na kumpa konokono shangazi, anafanya jambo lilelile ambalo Whitehurst alilipima. Tena yeye hashawishiki kukimbilia mwisho wa sentensi, kwa sababu sentensi haioni. Ndiyo maana pia mtu amsomee mtoto kwa lugha anayoimudu, ile anayoweza kutania na kupotea njia ndani yake kisha akarudi. Mzazi anayesoma kwa lugha ya kuazima ili mtoto "azoee" huogopa maswali, na mtoto hugundua upesi kwamba hayatakiwi.

Darasani mambo ni magumu zaidi, na sitaki kumbebesha mwalimu mzigo ambao mimi sikuuweza nikiwa na mtoto mmoja. Watoto arobaini wakikatiza kwa pamoja, hadithi haipo tena. Walimu ninaowaona wakifaulu wanatumia kitabu kimoja wiki nzima. Siku ya kwanza wanasoma moja kwa moja, hakuna anayeongea. Siku zinazofuata wanagawa zamu: leo safu hii ndiyo yenye ruhusa ya kumsimamisha mwalimu popote. Mwalimu mmoja alinieleza kwamba watoto wakimya kuliko wote huanza kusema siku ya nne, wakati waongeaji wameshakichoka kitabu. Kwenye fomu ya dakika na vitabu, mwalimu huyo ataonekana mvivu: kitabu kimoja kwa wiki.

Ipo miradi iliyolielewa jambo hili tangu mwanzo. Reach Out and Read ilianzishwa mwaka 1989 katika hospitali ya umma ya jiji la Boston, na watu wengi wanaijua kwa kugawa vitabu kliniki. Kugawa kulikuwa nusu tu ya wazo. Daktari humpa mtoto kitabu mwanzoni mwa uchunguzi, kisha wote wawili, daktari na mzazi, wanamtazama anavyokishika, anavyokigeuza, anachokionyesha kwa kidole. Wakati wa siku za mwanzo watu wa kujitolea walikaa kwenye chumba cha kusubiri wakiwasomea watoto, na wazazi waliokuwa wamekaa pembeni wakaona, bila kuhubiriwa, kwamba mtoto anaweza kusimama katikati ya hadithi, akaenda zake, akarudi, na msomaji asikasirike. Kumwona mtu mwingine akikatizwa na kutabasamu kunafundisha kuliko kipeperushi chochote.

Wanaogharimia miradi ya aina hii watauliza: kukatizwa kunapimwaje? Vitabu vinahesabika, tabasamu halihesabiki. Swali la haki. Lakini kinasa sauti ni cha bei ndogo, na dakika kumi za kusikiliza usomaji mmoja zinatosha kujua sauti ngapi zimo. Ukisikia sauti moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, vitabu 1,000 zaidi havitaibadilisha hali hiyo. Ningependa kuona ripoti moja, hata moja, inayosema: mwaka huu tuligawa vitabu vichache, na watoto walituchelewesha sana.

Kitabu cha chura bado tunacho. Jalada limetoka, ukurasa wa tano una alama ya kikombe, na siku hizi msikilizaji mkuu ni mdogo mtu, ambaye hajali chura wala konokono, anataka kutafuna kona. Dada yake ndiye anayemsomea, yaani anafunua na kusimulia. Sababu ya konokono kubaki imebadilika mara nyingi sana. Kuna kipindi alikuwa amechoka. Kisha akawa amekatazwa na mama yake. Wiki iliyopita alikuwa anachunga viatu vya chura, na nilipouliza chura ana viatu gani nikaambiwa nisubiri, huko bado hatujafika.